Nina mpira wa mkojo na shule inafunguliwa Januari. Nitasimamaje darasani?

Mwl_wa_la_Pili (mleta mada)

Wakubwa shikamooni, wa rika langu habari zenu. Jina nalificha kwa sababu Muheza ni ndogo na wanafunzi wangu wana wazazi wenye simu.

Nina miaka 31. Mwezi wa tano nilikuwa nyuma ya bodaboda, tukamkwepa mbuzi, tukaishia mtaroni. Uti wa mgongo uliumia chini kabisa, kiunoni. Alhamdulillahi miguu imerudi, natembea na gongo moja. Kilichogoma ni kibofu. Sisikii kikijaa, na chooni naweza kukaa mpaka miguu ife ganzi na hakuna kitu. Basi tangu Mei naishi na mpira wa kutoa mkojo kibofuni, namba 16, na kile kifuko cha lita mbili ambacho nakibeba ndani ya mkoba wa kitenge.

Ndani ya nyumba nimezoea. Kilichonivunja ni safari ya kliniki mwezi uliopita. Nilipanda daladala kwenda Tanga mjini, nikakipakata kifuko mapajani ili wasikikanyage. Kufika Pongwe nikasikia gauni limelowa, na kifuko ukikitazama karibu kitupu! Konda akapaza sauti: "Nani kapanda na dagaa humu?" Gari zima likacheka. Nilishuka palepale, kliniki sikufika, nikarudi nyumbani na bajaji ya kukodi. Tangu siku hiyo sijavuka geti.

Nimepunguza kunywa. Chai vikombe viwili kwa siku, basi, ili kifuko kisijae. Lakini sasa mkojo umekuwa rangi ya chai yenyewe, una mawingu, na unanuka zaidi kuliko mwanzo. Kila nikiona mawingu namtuma mtu duka la dawa aniletee cipro, vile vidonge vya kuua bakteria. Hii ni dozi ya tatu.

Tarehe 28 mdogo wangu anaolewa Pangani, na sare ni gauni la kubana. Januari mwalimu mkuu ananisubiri, darasa lina watoto 84. Kuna na mengine mawili, naona haya lakini humu hamnijui. Sijaswali tangu Mei, naona najisi inanifuata. Na mume wangu hajanilaumu hata siku moja, ila analala ukingoni mwa kitanda kama mtu aliyelala na trei ya mayai.

Kuna anayeishi na kitu hiki na bado anatoka, anafanya kazi, anacheka? Nielezeni mnavyofanya kweli. Dua mmeshaniombea za kutosha.

---

Fundi_Redio_Moshi

Dada mwalimu, pole. Mimi niliteleza kwenye mparachichi mwaka wa 11 huu, nikavunjika mgongo juu, usawa wa kifua. Natembelea baiskeli ya kukanyaga kwa mikono, natengeneza simu na redio karibu na stendi. Mpira nilikuwa nao miaka mitatu mfululizo, nikaja kubadili mtindo, nitakwambia mbele.

Nianze na yule konda wa dagaa, maana hilo si kosa la mwili wako. Ni la kifuko. Kibofu ni tangi, kifuko ni ndoo. Ndoo ukiiweka juu ya tangi, maji yatapandaje? Ulipokipakata, mkojo ulikosa pa kushukia, kibofu kikajaa, ukapita pembeni mwa mpira. Ndiyo maana kifuko kilikuwa kitupu na gauni limelowa. Kifuko siku zote kikae chini ya kibofu, na mrija usikalie wala usijikunje. Kisiburuzwe sakafuni pia.

Halafu kile cha lita mbili ni cha kulalia! Kuna kifuko kidogo cha kufunga mguuni, nusu lita mpaka robo tatu, kina mikanda miwili. Unakivaa pajani ndani ya gauni au chini ya goti, hakuna anayejua. Mimi nimewahi kukaa na mteja saa nzima ananilalamikia bei huku kifuko kinajaa taratibu mguuni, na yeye hana habari. Mikanda ya dukani inakata ngozi, na sisi ambao hatusikii vizuri tunakuja kugundua kidonda siku ya pili. Nilitoa ile mikanda ya mpira, nikashona kipande cha kanga kilichokunjwa mara mbili, mwishoni nikaweka ile mikanda ya kunata ya viatu vya watoto. Haikunichubua tena mpaka nilipobadili mtindo. Usiku usikichomoe kile cha mguuni. Unganisha cha lita mbili kwenye koki yake ya chini, ufungue koki, ulale. Kila unapochomoa mpira kwenye kifuko unafungulia wadudu mlango.

Mwaga kikifika nusu au kikizidi kidogo. Kikijaa kabisa kinavuta mpira, na kinaonekana.

Kwenye begi langu kuna kopo la zamani la Kimbo, nimelisugua mpaka linang'aa. Ndani: mpira wa akiba, kifuko cha akiba, glovu, jeli, bomba la sindano la mililita 10, sabuni ya kipande na kitambaa cheusi. Kopo hilo limefika Dodoma, limefika Singida kwenye msiba, limefika mpaka juu Marangu kwenye harusi ya shemeji. Nimelifungua kwa dharura mara mbili tu, lakini bila hilo siendi hata sokoni.

Jambo moja la wenzangu walioumia juu, kuanzia katikati ya kifua kupanda, si lako wewe lakini mwingine atasoma. Siku moja kanisani kichwa kilianza kupasuka, jasho usoni, vinyweleo vimesimama. Watu wakadhani mapepo, mama mmoja akaanza kukemea. Kumbe nilikuwa nimekalia mrija. Mwili wetu sisi kibofu kikijaa na njia ikiziba, presha inapanda ghafla, na inaweza kuua. Kaa wima, legeza mkanda, nyoosha mrija, mwaga kifuko. Mrija ukinyooka na bado hautoki, hospitali hapohapo. Mimi niliponyoosha mrija kichwa kilitulia kabla ya sadaka ya pili. Yule mama mpaka leo anasema ni yeye.

---

TibaHalisi_Asili

Mwalimu achana na mipira ya wazungu. Nina mizizi ya siku 21, kibofu kinafunguka chenyewe. Njoo inbox.

---

Fundi_Redio_Moshi

Bosi, waya ukikatika huupi uji. Mwache dada.

---

Mzee_wa_Barza

Marahaba mwanangu. Mimi nipo Unguja, nina miaka 74. Tezi dume ilinibana, nikawekewa mpira miezi mitano nikingoja upasuaji. Wiki mbili za mwanzo nilijifungia ndani kama mwari. Wenzangu wa barazani wakaja na bao lao mpaka mlangoni, wakacheza pale kwa makelele, wananitia hasira kwa makusudi. Nikatoka. Kanzu ni kubwa, kifuko nimefunga mguuni, nani atajua? Nilichokosa miezi ile mitano ni kuogelea tu.

Sasa hilo la swala. Mwanangu, miezi saba umejinyima kitu ulichoruhusiwa. Nilimwendea sheikh wetu nikiwa na hofu kama yako. Akaniambia mimi ni mwenye udhuru, hukumu yake inajulikana tangu zamani, sawa na mtu ambaye mkojo haumkatiki. Ukisikia wakati umeingia unamwaga kifuko, unajisafisha, unatia udhu, unaswali bila kuchelewesha. Wakati wa swala nyengine ukiingia, unatia udhu upya. Kinachotoka katikati hapo bila khiari yako hakikudhuru. Nilikuwa nasimama safu ya mwisho karibu na mlango, kwa utulivu wangu mwenyewe, hakuna aliyenifukuza. Muulize sheikh wa hapo kwenu akutulize moyo, lakini usikae tena bila kuswali.

Na kusujudu, kama mgongo haukuruhusu, kaa kwenye kiti.

---

Nesi_wa_Kisauni

Mwalimu, habari kutoka Mombasa. Nimefanya kazi wodi ya wanaume na ya wanawake, mipira nimeweka mpaka mikono imejua yenyewe. Fundi kasema vizuri, mimi naongeza pale palipobaki.

Maji kwanza, kwa sababu hapo ndipo unapojiumiza. Ukinywa kidogo mkojo unakuwa mzito, ndio huo unaonuka, ndio unaoacha mchanga na kuziba mpira. Unajificha kwa kitu kinachokufichua. Kunywa kama lita mbili kwa siku, ugawe kidogo kidogo, rangi iwe ya majani makavu.

La pili, hiyo cipro. Dadangu, acha. Mtu yeyote aliyekaa na mpira mwezi mmoja na zaidi, mkojo wake una bakteria. Ukiupima leo utawakuta, ukiupima kesho utawakuta. Hao peke yao si ugonjwa. Mawingu peke yake si ugonjwa, harufu peke yake si ugonjwa. Kila ukiwapiga dozi unaua wanyonge na kubakiza sugu, na siku utakayougua kweli dawa haitafanya kazi. Kuugua kweli ni homa, kutetemeka, maumivu ya ubavu au chini ya kitovu, kutapika, kuchanganyikiwa. Hapo usitume mtu duka la dawa, nenda mwenyewe hospitali.

Osha kila siku kwa maji na sabuni ya kawaida, kutoka mbele kwenda nyuma, na mpira wenyewe ufute kuanzia mwilini kwenda nje. Dettol hapana, poda hapana, marashi hapana. Mpira ufungwe kwenye paja usiwe unavuta. Usipotoka mkojo, kabla ya kupiga kelele angalia kama umejikunja, na jiulize mara ya mwisho kwenda haja kubwa ni lini. Tumbo likifunga linabana mpira. Zikipita saa mbili tatu umenyoosha kila kitu, hautoki na tumbo linajaa, nenda. Usingoje asubuhi. Na asije jirani akaukata kwa mkasi! Ndani kuna puto lenye maji, linatolewa kwa bomba la sindano kupitia ule mdomo wa pembeni.

Sasa swali: huo mpira ulibadilishwa lini mara ya mwisho? Na ni ule wa rangi ya kahawia-manjano au ule mweupe unaopitisha mwanga?

---

Mwl_wa_la_Pili

Wa manjano. Mwezi wa tisa mwanzoni. Nilikuwa nibadilishe siku ile ya daladala.

---

Nesi_wa_Kisauni

Mwezi wa tisa na huu ni wa kumi na mbili? Mwalimu, kesho asubuhi. Huo wa manjano ni lateksi, kwa kawaida haupiti wiki nne au zaidi kidogo kulingana na aina. Ule mweupe wa silikoni ndio unaoweza kufika wiki 12. Omba silikoni kama ipo.

Na ukiwa huko, uliza kitu kimoja ambacho nashangaa hujaambiwa. Mtu wa umri wako, mikono mizima, kibofu kimelala tu, kwa nini abaki na mpira wa kudumu? Kuna mtindo wa kuingiza na kutoa. Unajiwekea mwenyewe mpira mwembamba, namba 12 au 14, mkojo unatoka, unautoa, unaenda zako. Mara nne mpaka sita kwa siku, lengo kibofu kisizidi mililita mia nne, mia tano. Zile namba, ukizigawa kwa tatu unapata unene kwa milimita, kwa hiyo wa 12 ni milimita nne tu. Watu huogopa wakidhani lazima iwe kama chumba cha upasuaji. Daktari Mmarekani, Jack Lapides, alionesha na wenzake tangu 1972 kwamba mikono safi na mpira safi vinatosha, kwa sababu kinachokiharibu kibofu zaidi ni kukaa kimevimba. Mipira hiyo imetengenezwa kutumika mara moja. Ikiwa ni adimu kwenu, kliniki itakuelekeza namna ya kuosha, kukausha na kutunza.

La mume. Mzee wa Barza, funga macho hapa. Mpira wa mkojo una tundu lake na tendo la ndoa lina lake. Hata ukiwa na mpira wa kudumu mnaweza: mwaga kifuko kwanza, mpira uupandishe tumboni uubandike kwa plasta, tumia jeli ya maji, si mafuta ya mgando. Ukihamia mtindo wa kuingiza na kutoa, unatoa mkojo kabla, na kitandani hakuna kitu chochote. Muonyeshe anachokiogopa. Wanaume wengi hudhani wakigusa tu puto litapasuka.

---

Mzee_wa_Barza

Nimefumba jicho moja.

---

Fundi_Redio_Moshi

Huo wa kuingiza na kutoa ndio mtindo niliohamia, dada. Mwezi wa kwanza utalia. Wa pili utasahau. Mimi sasa najitoa mkojo chooni kwa jirani yangu muuza chipsi, dakika nne, narudi mteja hajamaliza soda. Na shuleni mwambie mtu mmoja, mwalimu mkuu au rafiki wa kweli. Mmoja anatosha kukushikia darasa.

---

Mwl_wa_la_Pili (wiki sita baadaye)

Shikamoo Mzee, na wengine wote habari za siku nyingi. Nimechelewa kurudi, nisameheni, shule ilinimeza.

Mpira nilikwenda kubadilisha kesho yake, kwa bajaji mlango kwa mlango. Ulipotoka, ncha ilikuwa na ukoko mweupe kama ndani ya birika la kuchemshia maji ya kisima. Nesi wa pale akanionyesha, akatikisa kichwa, akauweka kando bila neno. Silikoni haikuwepo siku ile. Kifuko cha mguuni nilikipata duka la vifaa vya hospitali Tanga mjini, na mikanda nimeshona ya kanga kama ya Fundi.

Maji nilirudisha taratibu. Siku ya nne harufu ilikuwa imekatika. Nilikaa kitandani nikakasirika kweli, maana miezi yote ile nilikuwa najitesa kwa kiu bure.

Harusini nilikwenda. Gauni fundi aliliachia kidogo kuanzia nyonga kwenda chini, akaliwekea mpasuo wa ndani nifikie koki. Bwana harusi kwao ni Bweni, ng'ambo ya mto, tukakaa kwenye foleni ya kivuko zaidi ya saa nzima, kifuko kinajaa na mimi natazama maji ya Pangani yanavyopita. Kwetu hakuna siri na shangazi, nikamnong'oneza. Akasimama mbele yangu na kanga yake ameitanua kama pazia, nikamwaga kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu nyuma ya mnazi. Akasema tu, "Umemaliza? Haya twende, watatuacha." Nilicheza. Si sana, gongo lina mipaka, lakini picha ipo.

Baada ya mwaka mpya kliniki wakakubali kunifundisha kuingiza na kutoa. Jamani! Siku ya kwanza kioo mkononi, taa ya simu mdomoni, nikaingiza, kimya, tone hakuna. Nimeingia kusiko. Nesi akanambia usiutoe huo, uache hapohapo uwe kibao cha "si hapa", chukua mwingine mpya upande juu kidogo. Ikatoka mililita 600, nikapiga yowe la furaha, mama wa kitanda cha pili akadhani nimejifungua. Wiki ya kwanza nilikosea karibu nusu ya mara. Sasa kioo sikihitaji nikiwa nyumbani, napapasa tu.

Naswali. Mzee, Mungu akulipe. Sheikh wa hapa amesema yaleyale, na sasa hivi kwa kuwa mpira haukai ndani na mkojo hauvuji, hata huo udhuru naona umepungua, ila kuna siku nikikohoa linatoka tone na hapo narudia udhu.

Mume wangu sasa analala katikati. Niishie hapo.

Shuleni nimemwambia mwalimu mkuu na mwalimu wa darasa la tatu tunayepakana naye. Ratiba yangu nimeipanga kwa kengele: saa kumi na mbili asubuhi nyumbani, saa nne na nusu mapumziko, saa nane na nusu tukitoka, saa moja usiku, saa nne na nusu kabla ya kulala. Choo cha walimu ni cha shimo, hakina pa kukaa, kwa hiyo naegemea ukuta na mguu mmoja juu ya tofali. Ndoo ya maji na sabuni natanguliza mwenyewe. Wiki iliyopita mtoto mmoja wa dawati la mbele akaniuliza mbona naenda chooni na mkoba. Nikamwambia mwalimu ana dawa yake. Akaniuliza ni chungu? Nikasema siyo chungu. Akarudi kwenye kujumlisha kwake.

Fundi, nina swali. Kopo la Kimbo halitoshi kwenye mkoba wangu, mipira inajikunja. Wewe yako unaiweka wima au imelala? Nataka nishone kipochi cha kitenge chenye mfuko wa plastiki ndani unaooshika, lakini sijui niache urefu gani ili mpira wa kike uingie umenyooka. Nikipata vipimo leo, Jumamosi nashona.

---

Fundi_Redio_Moshi

Sentimita 20 zitatosha, wa kike ni mfupi. Acha na mbili za zipu. Picha ya kipochi ulete.